WAHUDUMU WA WAZEE NCHINI JAPANI: HESABU YA MIKONO

Mwaka 1972 mwandishi Sawako Ariyoshi wa Japani alitoa riwaya juu ya mwanamke mwajiriwa wa mjini Tokyo ambaye, baada ya kifo cha mama mkwe wake, anaachiwa mzigo wa kumtunza baba mkwe aliyepotewa na fahamu kwa sababu ya uzee. Kitabu hicho kilinunuliwa kwa wingi mno, kwani maelfu ya wanawake waliyatambua maisha yao ndani yake. Kumlisha mzee, kumwogesha, kumgeuza kitandani na kumfuata anapotangatanga usiku ilikuwa kazi nzito, lakini haikuonekana katika takwimu yoyote ya ajira. Aliyeifanya aliitwa mkwe, wala hakuitwa mfanyakazi.

Mwaka uliofuata, 1973, serikali ya Japani ilifanya matibabu kuwa ya bure kwa wazee waliotimiza miaka 70. Matokeo yake hayakutarajiwa. Wazee wengi ambao hawakuhitaji tena daktari walibaki hospitalini kwa miezi, hata miaka, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu wa kuwaangalia. Kitanda cha hospitali ni chombo cha gharama kubwa, nacho kilikuwa kimegeuzwa kuwa kitanda cha kulala tu. Baada ya mabishano ya miaka mingi, sheria ya bima ya utunzaji ilipitishwa mwaka 1997 na kuanza kutumika tarehe 1 Aprili 2000. Kila mkazi aliyetimiza miaka 40 hulipa mchango, na nusu ya gharama ya huduma hutoka katika kodi. Mzee anayehitaji msaada hupimwa na kuwekwa katika moja ya ngazi saba, na ngazi hiyo ndiyo inayoamua kiasi cha huduma atakachopewa.

Hapo ndipo kazi ya yule mkwe ilipopata jina, mshahara na hesabu. Mwaka 2000 wahudumu waliolipwa walikuwa wapatao 550,000. Mwaka 2022 walikuwa karibu milioni 2.15, yaani walikuwa wameongezeka takriban mara nne. Ni viwanda vichache vya nchi hiyo, iliyosifika kwa magari na redio, vilivyokua kwa kasi hiyo katika kipindi hicho.

Je, idadi hiyo ni kubwa au ndogo? Wataalamu wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, hutumia kipimo rahisi: wahudumu wangapi kwa kila watu 100 wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Mwaka 2023 Japani ilikuwa na wazee wa umri huo wapatao milioni 36.2, na mwanafunzi akigawanya atapata wahudumu 6 hivi kwa kila wazee 100. Katika Norway na Sweden idadi hiyo huwa karibu mara mbili.

Hata hivyo kipimo hicho kinahitaji kutazamwa kwa tahadhari. Kuhesabu vichwa si sawa na kuhesabu saa za kazi. Wahudumu wengi wanaowatembelea wazee majumbani hufanya kazi kwa saa chache tu, na wengi wao wenyewe wamepita miaka 60. Watu wawili wanaofanya kazi saa 20 kila mmoja kwa wiki ni vichwa viwili katika takwimu, bali ni mfanyakazi mmoja kamili kazini. Nchi mbili zinaweza kuonekana sawa kwa vichwa huku moja ikitoa huduma nyingi zaidi kuliko nyingine.

Kosa jingine la kawaida ni kudhani kwamba mhudumu mmoja yuko kazini wakati wote. Kanuni ya Japani inataka makao ya wazee yawe na mfanyakazi mmoja wa utunzaji au uuguzi kwa kila wakazi watatu. Msomaji wa haraka atasema kwamba huo ni uwiano mzuri. Tuchukue makao yenye wakazi 60 na wafanyakazi 20, kila mmoja akifanya kazi saa 40 kwa wiki. Jumla ni saa 800. Lakini wiki ina saa 168, na wazee hawafungiwi ofisini jioni. Tukigawanya 800 kwa 168 tunapata 4.8. Kwa wastani, basi, kila mhudumu aliyepo zamu anawakabili wakazi zaidi ya 12, na hapo hatujaondoa siku za likizo, ugonjwa, wala saa za kujaza fomu. Usiku kanuni inadai watu wawili tu kwa makao ya ukubwa huo. Mmoja akiwa anambadilisha nguo mzee aliyejichafua, aliyebaki ana wakazi 59.

Mashine zinaweza kupunguza kazi hiyo kwa kiasi gani? Japani imejaribu mengi, tangu mkanda wa kusaidia kiuno hadi Paro, mwanasesere wa umbo la sili anayeitikia anapopapaswa. Sehemu iliyo ya fizikia ndiyo inayonufaika zaidi. Mwongozo wa Wizara ya Kazi wa mwaka 2013 unasema mwanamume asibebe zaidi ya asilimia 40 ya uzito wa mwili wake, na mwanamke asizidi asilimia 24. Mhudumu mwanamke mwenye kilo 55 anaruhusiwa, basi, kilo 13 tu, ilhali mzee mwembamba ana kilo 45. Kwa hiyo mashine ya kuinulia si anasa. Pasipo mashine, huhitajiwa watu wawili au zaidi, na saa za kazi huongezeka papo hapo. Au mmoja hujaribu peke yake, akaumia mgongo na kuiacha kazi. Lakini kumlisha mtu anayemeza kwa shida hakuwezi kuharakishwa. Kijiko huenda kwa mwendo wa mlaji.

Mshahara nao una kikwazo chake. Bei ya kila huduma huwekwa na serikali, na kwa kawaida hupitiwa kila baada ya miaka mitatu. Mwenye makao hawezi kupandisha bei ili alipe vizuri zaidi kama afanyavyo mwenye hoteli. Si ajabu kwamba mwaka 2022, kwa kila mtu mmoja aliyetafuta kazi ya kuhudumia wazee majumbani, zilikuwapo nafasi zaidi ya 15.

Mwaka 2023 idadi ya wahudumu ilishuka kwa mara ya kwanza tangu bima ianze, ikafika karibu milioni 2.126, pengo la mwaka mmoja lilizidi watu 25,000. Serikali imekadiria kwamba mwaka 2040 watahitajika milioni 2.72. Mwaka 1949 walizaliwa Japani watoto karibu milioni 2.7, na kizazi hicho chote sasa kimepita miaka 75. Mwaka 2024 walizaliwa wapatao 686,000, na mwaka 2040 hao hawatakuwa wamemaliza shule.

Waliosalia ni wageni. Wahudumu kutoka Indonesia walianza kuja mwaka 2008 kwa mkataba maalumu, wakafuatwa na Wafilipino mwaka 2009 na Wavietnam mwaka 2014. Ili waruhusiwe kubaki walitakiwa kufaulu mtihani wa taifa kwa Kijapani. Neno la vidonda vya kulalia, ambavyo kila mhudumu huvijua kwa macho na kwa vidole, huandikwa kwa alama adimu ambazo hata Wajapani wengi hawawezi kuziandika. Tangu mwaka 2013 karatasi ya mtihani ya wageni hao huandikwa pamoja na herufi nyepesi za matamshi, na muda wake umeongezwa kwa nusu.