Sauti ya Baraza Ikififia, Usikimbilie Kununua Betri

Ndugu wakulima, baraza ndiyo shule yetu. Je, shule ambayo mwalimu hasikiki ina faida gani? Leo nataka kuwaelezeni habari za amplifaya, yaani chombo kinachokuza sauti ya redio au ya msemaji, na namna ya kutafuta sababu kinapopungukiwa na nguvu.

Katika baraza moja upande wa Shika Adabu, Likoni, tulitangaza siku ya chanjo ya kuku. Kila mfugaji ajua kwamba kideri hakina dawa. Kinga yake ni chanjo tu. Amplifaya ilianza vizuri, kisha sauti ikafifia na kukwaruza. Waliokaa mbele walisikia. Akina mama waliokuwa nyuma chini ya minazi hawakusikia. Juma lililofuata mama mmoja alinijia ofisini. "Mwanangu," akasema, "siku ile sisi tuliona midomo tu. Kuku wangu hawakuchanjwa, na sasa wameanza kufa." Nilimwomba radhi, lakini radhi haifufui kuku.

Watu wa kamati walisema, "Betri imekufa, tuchange tununue nyingine." Fundi akatuzuia. Alipima betri kwa mita, akaikuta nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye waya.

Hesabu ya waya

Fikirini tangi la maji lililojaa. Ukilifunga mpira mwembamba na mrefu, maji hufika shambani yakichuruzika tu. Umeme nao ni vivyo hivyo. Siku ile betri ilibaki garini, na amplifaya ikawekwa kivulini, mita 10 mbali, kwa waya mwembamba wa taa. Waya huo, kwenda na kurudi, una ukinzani wa karibu nusu ya omu. Amplifaya ikivuta ampea 8, zidisha 8 kwa nusu: volti 4 zapotea njiani. Kati ya volti 12 zilizotoka kwenye betri, zafika 8 tu.

Wala hasara si theluthi moja peke yake. Kwa amplifaya nyingi za betri, nguvu ya sauti hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe: 12 mara 12 ni 144, 8 mara 8 ni 64. Basi zaidi ya nusu ya nguvu imepotea, na betri ni nzima!

Tafuta kwa utaratibu

1. Pima betri amplifaya ikiwa inasema kwa nguvu, si ikiwa imezimwa. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu 12.7. Ikiporomoka chini ya 11 wakati wa kazi, imeishiwa au imechakaa.

2. Kisha pima mahali waya unapoingia kwenye amplifaya, nayo ingali ikisema. Tofauti ikizidi nusu volti, kosa liko kwenye waya au viungo. Tumia waya mnene, na uweke betri karibu; afadhali waya wa spika uwe mrefu kuliko waya wa betri.

3. Tazama viungo. Sisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe twaishi na upepo wa chumvi, nao huleta kutu ya kijani kwenye shaba. Fungua, sugua kwa msasa, kaza, kisha paka grisi. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji ya magadi, yasiingie ndani ya betri.

4. Jaribu spika nyingine. Na mjue kwamba spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba huwa omu 4. Kama amplifaya imeandikwa isipungue omu 8, itapata moto, na huenda ikajizima au kuungua.

5. Iguse kwa nje. Ikiwa ya moto sana, iondoe juani, wala usiifunike kwa kitambaa.

Redio ilianza Kenya mwaka 1928, na katika miaka ya 1950 Mombasa ilikuwa na kituo chake, Sauti ya Mvita. Siku hizo vyombo vilitumia valvu za kioo, ambazo huchoka pole pole, na sauti hupungua nazo. Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, haichoki namna hiyo. Ndiyo maana leo tutazame kwanza betri, waya na viungo kabla ya kulaumu chombo chenyewe.

Hadhari

Fyuzi ikikatika, usiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya. Usivute sigara karibu na betri inayochajiwa. Hewa yake hulipuka. Amplifaya ya umeme wa nyumba, wa volti 240, usiifungue: hata ikizimwa, ndani hubaki umeme unaoweza kuua. Mpelekee fundi.

Sisi tulinunua waya mnene, wala hatukununua betri. Baraza lililofuata nilikwenda mwenyewe kusimama nyuma kabisa, chini ya minazi, nikasikiliza kabla ya watu kufika. Nanyi fanyeni hivyo. Asiyesikia tangazo ndiye anayelipa hasara.