Gari ya okazo yenye kasoro ya kufichama: mununuzi ana haki gani?

Katika parking za Butembo, Bunia ao Uvira, neno moja linarudia kila mara kisha gari kuuzishwa: "Uliiona, uliijaribu, ukalipa. Mambo imeisha." Watu wengi wanaamini kwamba ni sheria. Lakini sheria ya Kongo haisemi vile.

Sheria yenyewe ni ya zamani: dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ile wanasheria wanaita Kitabu cha tatu cha kode sivile. Ilitungwa wakati hakukuwa hata gari moja katika inchi, na mupaka leo njo inatumika. Inaomba muuzishaji ajibu juu ya kasoro iliyofichama, ile inayofanya kitu kisifae kwa kazi yake, ao inayokiharibu sana hata kama mununuzi angeijua hangenunua, ao angetoa bei ya chini.

Yote iko katika neno "kufichama." Kioo kimepasuka, pine zimelika, mulango haufungi: ile inaonekana kwa macho, na mwenye kulipa ameikubali. Lakini shasi iliyovunjika, ikachomelewa na kupakwa rangi mupya? Moteri iliyochoka, ikajazwa mafuta nzito ili isitoe moshi siku ya majaribio? Hapo munununzi ana njia mbili: kurudisha gari na kupata pesa yake yote, ao kubakia nayo na kurudishiwa sehemu ya bei.

Kama muuzishaji hakujua ile kasoro, anarudisha bei na garama za mauzo. Kama alijua, anaongeza malipo ya hasara yote: siku taksi haikufanya kazi, garama ya kuivuta, na kazalika. Karatasi inayosema "bila garanti" inaweza kumukinga yule ambaye hakujua. Yule aliyejua haimusaidie kitu. Na mutu anayeuzisha magari kila juma atapata taabu kumusadikisha muamuzi kwamba hakujua moteri.

Kuna mipaka. Gari iliyouzishwa kwa munada wa tribinali haina ile garanti. Na sheria haitaji hesabu ya siku. Inasema tu muda mufupi, kufuatana na kasoro na desturi ya mahali. Mwenye kutembeza gari miezi sita mbele ya kulalamika amejiharibia.

Kwa kweli, watu wengi wanashindwa juu ya ushahidi, hapana juu ya sheria. Gari inazima njiani, mununuzi anaipeleka mbio kwa fundi wake, moteri inafunguliwa, vyombo vinatawanyika chini. Kesho yake muuzishaji anajibu: "Fundi wako njo ameiharibu." Nani atajua ukweli? Ile gari ingepashwa kusimama vile iko, muuzishaji aitwe kwa barua mbele ya mashahidi, na fundi wawili waandike wanachoona, na tarehe na sahihi, mbele ya kitu chochote kufunguliwa.

Shida ingine ni kujua muuzishaji ni nani. Magari mengi yanashuka Mombasa, yanapita Uganda na kuingilia Kasindi ao Mahagi, na yanapita katika mikono mingi. Mara kwa mara komisioneri njo anapokea dola na kutia sahihi. Siku ya matatizo, mwenye gari haonekani. Kwa hiyo karatasi ya mauzo inapashwa kubeba jina la mwenyewe, lile liko kwenye karte roze ao kwenye karatasi za duane, namba ya shasi na ya moteri, kilometa, na maneno ya ahadi: "moteri haijafunguliwa," kwa mufano. Ahadi ya mudomo inapotea na upepo.

Kwa garaje, mambo ni karibu sawasawa. Gari ikiachwa kwa fundi, yeye njo muchungaji wake. Kama chombo kizima kinatolewa na kubadilishwa na kibovu, anajibu. Inafaa kupatana bei kwa maandishi mbele ya kazi, na kuomba vyombo vya zamani virudishwe. Fundi mwenye kukataa kuvionyesha, afazali kumuepuka.

Wengi wanaanza kwa shefu wa kartie, na si vibaya: mapatano yaliyoandikwa pale ni ushahidi. Wakikosa kusikilizana, tribinali ya amani inapokea mashitaka ya pesa kidogo, na tribinali kubwa ile ya bei ya juu. Polisi inafaa kama kuna udanganyifu, kwa mufano namba ya shasi iliyobadilishwa. Lakini deni peke yake si kosa la kufungia mutu, na polisi si mahali pa kulipishia watu. Anayepitia kule kwa haraka mara nyingi anaacha pesa ingine na gari inabakia imesimama.