Kazi za Lokesheni: Lipwa Bila Kuanika Unapoishi

Kuna programu za simu zinazolipa watu kwa kazi ndogo ndogo: piga picha ya bei ya unga kwenye duka fulani Kayole, angalia kama kibanda cha wakala kimefunguliwa, tuma, kisha upokee pesa kwenye simu. Je, ni lazima anayetoa kazi ajue uko wapi kila saa? Hapana.

Anahitaji kujua mambo mawili tu: kwamba uko karibu, na kwamba ulifika. Programu iliyotengenezwa vizuri hugawa mji kwa maeneo makubwa. Simu yako inataja eneo tu, si nyumba. Inaletewa kazi zote za eneo hilo, halafu simu yenyewe inachagua zilizo karibu nawe. Lokesheni kamili inatumwa mara moja, ukiwa mbele ya duka ukithibitisha kazi.

Tofauti iko kwenye tarakimu. Lokesheni yenye desimali tano inakuonyesha kwa mita moja hivi. Ikiwa na desimali mbili, ni kilomita moja hivi, na hapo Kayole umejificha kati ya maelfu ya watu.

Kuficha jina pekee hakutoshi. Simu inayolala mahali pamoja kila usiku na kushinda pengine kila mchana imeshataja nyumbani na kazini kwako. Rekodi hiyo ikiangukia mikono mibaya, mtu atajua saa ambazo nyumba haina mtu.

Fanya hivi:

1. Kwenye mipangilio ya simu, ruhusu lokesheni wakati unatumia programu tu.
2. Ukitafuta kazi, toa lokesheni ya kukadiria. Android kuanzia toleo la 12 na iPhone kuanzia iOS 14 zina nafasi hiyo. Washa ile kamili ukifika kwenye kazi.
3. Picha inaweza kubeba lokesheni ndani yake. Izime kwenye kamera unapopiga picha za nyumbani.
4. Ili ulipwe, nambari yako ya simu inatosha. Ukiombwa PIN au ada ya kujiunga, wachana nao. Hata sisi hatuwezi kukuuliza PIN yako.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza kampuni ina data gani yako, na kuomba irekebishwe au ifutwe. Wakikupuuza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.