Herufi tatu, maana 430

Kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford ilipotoka kwa toleo la pili mwaka 1989, ikiwa na juzuu 20, neno lililokula nafasi kubwa kuliko yote halikuwa la sayansi wala la falsafa. Lilikuwa "set", kitenzi cha silabi moja ambacho mtoto wa Kiingereza hukijua kabla ya kuanza shule. Maelezo yake yalifikia maneno 60,000 hivi, urefu wa riwaya ya kadiri, na maana zilizotajwa humo zilikaribia 430.

Mwanafunzi wa Kiswahili akiisikia hesabu hiyo anaweza kufunga daftari. Afadhali asubiri kidogo, kwa sababu ukoo huo mkubwa una babu mmoja, na babu huyo si mgeni kwa mtu anayezungumza lugha ya Kibantu.

Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili vya jozi: sittan, yaani kuketi, na settan, yaani kuketisha. Ni uhusiano uleule wa keti na ketisha, au lala na laza. Walimu wa sarufi huuita kauli ya kutendesha. Wajerumani bado wana sitzen na setzen, Waholanzi wana zitten na zetten. Waingereza wamebaki na sit na set, ila wengi wao hawakumbuki tena kwamba la pili lilizaliwa na la kwanza.

Kiini cha "set", basi, ni kukikalisha kitu mahali pake kikatulia. Mganga wa mifupa huuweka mfupa uliovunjika sawasawa ili uunge. Sonara hupachika kito kwenye pete. Mwindaji hutega mtego, mwalimu hutunga mtihani, mwenye duka hupanga bei, mpishi huandaa meza, na zege likishashika fundi anaweza kupita juu yake. Mwingereza ana "set" kwa shughuli zote hizo. Kiswahili kimempa kila mfanyakazi kitenzi chake, na ndiyo maana tafsiri ya neno kwa neno humwangusha mwanafunzi: akiandika kwamba mwalimu "ameweka mtihani", msomaji ataelewa kwamba karatasi ziko mezani.

Jua nalo lina habari yake. Tangu karne ya 13 jua la Kiingereza limekuwa "likiset" jioni, na mgeni hushangaa kitenzi cha kuweka kimefikaje kwenye upeo wa macho. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Yeye mwenyewe husema jua limetua, ndege ametua mtini, mchukuzi ametua mzigo, na mtu aliyefarijiwa moyo wake umetua. Huenda "tua" ndilo neno letu lililo jirani zaidi na roho ya "set", ingawa kamusi nyingi humpeleka mwanafunzi kwa "weka" kwanza.

Lakini si kila "set" ni ya ukoo huo. Nomino yenye maana ya kundi la vitu vinavyokwenda pamoja ilipitia Kifaransa cha kale, sette, kutoka neno la Kilatini secta, lililotaja wafuasi wa mtu au wa mafundisho fulani. Katika Kiingereza nomino hiyo ilikutana na kitenzi cha wenyeji, sauti zikafanana, na maana zikaanza kuambukizana. Wanaisimu hutenga homonimu, maneno yaliyofanana kwa bahati kama paa la nyumba na paa wa porini, na polisemi, neno moja lililotanuka maana. "Set" ina yote mawili, na hapo ndipo wachambuzi hukuna kichwa. Kiswahili kimechukua nomino hiyo bila matata: seti ya vikombe, seti ya tatu katika mpira wa wavu, na seti za somo la hisabati, zile zenye mabano na duara zinazoingiliana.

Sasa turudi kwenye ile 430. Nani alihesabu, na kwa kipimo gani? James Murray, aliyeshika uhariri wa kamusi hiyo mwaka 1879, alitegemea wasomaji wa kujitolea waliomtumia vikaratasi vyenye sentensi walizokuta vitabuni. Wahariri walivipanga kwa mafungu, na kila fungu likawa maana. Je, kupanga bei na kupanga tarehe ni fungu moja au mawili? Mhariri mmoja atayaunganisha, mwingine atayatenga, na wote wawili watakuwa na hoja. Namba inayotoka mwishoni inaeleza neno, lakini inaeleza pia mkono uliolichambua.

Hata taji la urefu limehama kwa namna inayochekesha kidogo. Marekebisho mapya ya kamusi yalianza kuchapishwa mwaka 2000 kuanzia herufi M, na punde "make" ikaipita "set". Baadaye ikaja zamu ya "put". Mwaka 2011 "run" ikawashinda wote kwa maana 645 za kitenzi peke yake, baada ya mhariri Peter Gilliver kuishughulikia kwa miezi tisa. M, P, R: bingwa amekuwa akifuata alfabeti! Kweli "run" ilikuzwa na enzi ya mitambo, kwa kuwa treni, viwanda na kompyuta vyote kwa Kiingereza "hukimbia". Lakini "set" ilipopokonywa taji ilikuwa bado na maelezo yake ya zamani, ikisubiri wahariri wafike S.

Kinachomsumbua mfasiri kazini hasa si kitenzi kikiwa peke yake bali vijineno kinavyoandamana navyo. "Set off" ni kufunga safari, na pia ni kulipua bomu. "Set up" ni kuanzisha kampuni, na pia ni kumtegea mtu ili aonekane mkosaji. Chukua "set aside" kwenye meza ya mfasiri wa habari Nairobi au Dodoma. Bunge likifanya hivyo kwa fedha za barabara, limezitenga, na fedha zipo. Mahakama ya rufani ikifanya hivyo kwa hukumu ya mahakama ya chini, imeitengua, na hukumu haipo tena. Mfasiri mwenye haraka akiandika kwamba majaji "wametenga hukumu", mshtakiwa aliyeachiwa huru ataonekana bado ana kifungo kinachomngoja.