Sura ya 6: Kupishana kwenye Mita 160

Chara iko ndani ya delta ya Mto Tana, chini ya Garsen. Ardhi yake ni tambarare, yenye tope la mafuriko na unyevu usiokauka upesi. Kwa mtu wa redio ya ridhaa hiyo ni neema. Wimbi la mita 160 linataka antena ya wima ya robo yake, yaani waya wa mita 40, na ardhi yenye maji huupa waya huo nguvu ambayo changarawe haitoi. Anayerusha kutoka hapa atasikika mbali, na kwa sababu hiyo adabu inamhusu zaidi kuliko mwenye antena dhaifu.

Katika Kanda ya 1 ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, inayojumuisha Afrika na Ulaya, wanaridhaa wametengewa kilohezi 1810 hadi 1850. Mpango wa shirikisho lao, IARU, unaiweka Morse chini na kuruhusu sauti kuanzia 1840. Kati ya 1840 na 1843 zimejaa ishara za kompyuta za FT8. Ukiziachia nafasi unabakiwa na kilohezi 7, na sauti moja hula 2.7. Ni mazungumzo mawili! Baadhi ya nchi zimeongeza nafasi juu ya 1850, lakini ufinyu haujaisha. Tena wote hufika kwa wakati mmoja, kwa kuwa mchana tabaka la chini la ayonosfia humeza mawimbi haya, na giza likiingia njia hufunguka.

Wakazi wa Tana wanazo malka, njia zinazopita kati ya mashamba ya Wapokomo ili ng'ombe wa Waorma wafike mtoni. Malka huonekana tupu asubuhi nzima, na bado si ya mtu kuipanda mahindi. Masafa yanayoonekana matupu ni hivyo hivyo. Radi za ukanda wa ikweta hujaza mngurumo kwenye spika yako, ukashindwa kumsikia mtu wa Ulaya ambaye yeye, katika usiku wake tulivu wa baridi, anakusikia vizuri. Au unamsikia mmoja tu kati ya wawili wanaozungumza, na umewasha redio wakati yule usiyemsikia ndiye mwenye zamu.

Basi sikiliza kwanza, muda wa kutosha zamu moja kupita. Kisha piga QRL kwa Morse, au uliza kwa sauti kama masafa yanatumika. Ngoja, uliza tena. Ukijibiwa ndiyo, sogea bila kubishana. Na kwa kuwa alama ya Kenya, 5Z4, ni adimu kwenye bendi hii, watakaokuita watakuwa wengi: watangazie kwamba unasikiliza kilohezi moja au mbili juu, wasikufunike wewe mwenyewe. Hakikisha kwanza huko juu nako hakuna mtu.

Mabaharia waliijua nidhamu hii zamani. Kwenye kilohezi 500, masafa ya dhiki ya meli, kila saa waendeshaji walinyamaza kuanzia dakika ya 15 hadi ya 18, na ya 45 hadi ya 48, ili chombo chenye nguvu kidogo kipate kusikika. Utaratibu mpya wa usalama wa baharini, uliochukua nafasi ya ukesha huo wa Morse, ulikamilika 1999, na mwaka 2012 wanaridhaa wakapewa 472 hadi 479, jirani na hapo, kwa sharti la kutozisumbua huduma za baharini na kutovuka wati chache za mnururisho.

Nidhamu hiyo hiyo ya kunyamaza inahitajika leo kwenye mita 80, kwenye kilohezi 3760, kitovu cha mawasiliano ya dharura katika kanda yetu. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yaliikata barabara ya Garsen kwenda Lamu. Katika siku kama hizo wimbi linalorushwa juu na kurudi chini linaweza kuiunganisha delta na Mombasa au Nairobi bila mnara wowote wa simu. Ukisikia ujumbe wa dharura hapo, usijitambulishe wala usiulize habari. Andika unachosikia, na ubonyeze kitufe pale tu msimamizi wa mawasiliano hayo atakapokuita kwa alama yako.