Ngoma ya Sifa: Woga au Mapenzi?

Sisi wahakiki tuna tabia moja mbaya. Tukikutana na wimbo wa kumsifu dikteta tunausukumia kando: hiyo ni kasumba, basi, yamekwisha. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka bibi mmoja jirani yetu pale Majengo, Songea, aliponisuta.

Bibi huyu ujana wake aliula ng'ambo ya Ziwa Nyasa, katika Malawi ya Kamuzu Banda. Banda alitawala tangu uhuru wa 1964, na mwaka 1971 akafanywa rais wa maisha. Utawala wake ulikuwa wa mrengo wa kulia hasa: chama kimoja, ukomunisti mwiko, na mwaka 1967 ukaanzisha uhusiano wa kibalozi na makaburu wa Afrika Kusini. Kila alikokwenda, akina mama waliovaa vitenge vyenye sura yake walimchezea ngoma. Waliitwa mbumba.

Neno hilo ndilo ufunguo. Kwa Wachewa, ambao hufuata ukoo wa mama, mbumba ni wanawake na watoto wao walio chini ya ulinzi wa kaka au mjomba, yaani nkhoswe. Banda akajifanya nkhoswe wa taifa zima. Hapo fani ya jadi ikabebeshwa maudhui ya chama, na kumpinga rais kukawa kama kumkana mjomba wako.

Nikamwuliza, "Hivi Bibi, mlimpenda kweli au woga tu?"

Akacheka. "Vyote viwili, mjukuu wangu. Kutokwenda ilikuwa hatari. Lakini nani mwingine alituweka sisi wanawake mbele?"

Upinzani nao ulikuwa na fani yake, ile ya mafumbo. Jack Mapanje, mshairi na mwalimu wa chuo kikuu kule Zomba, alitoa diwani iliyojaa vinyonga na visasili mwaka 1981. Mwaka 1987 akatiwa ndani bila kushtakiwa, akatoka 1991. Machi 1992 maaskofu Wakatoliki wakaacha mafumbo: waraka wao wa kuukosoa utawala ukasomwa makanisani.

Sasa tazama kura. Juni 1993 karibu thuluthi mbili walichagua vyama vingi. Mei 1994 Banda akashindwa na Bakili Muluzi. Lakini kwenye kura ya siri, kiasi cha thuluthi moja bado walimpigia yeye! Bibi alisema kweli: vyote viwili.

Kwa hiyo mhakiki asiishie kuuliza wimbo unasema nini. Aulize pia: nani angeweza kukataa kuimba? Na aliyeimba alipata nini? Tukilisahau swali la kwanza, tutauita woga mapenzi. Tukilisahau la pili, tutawaona mama zetu wajinga, na dikteta mwingine akija na ngoma tunayoipenda, hatutamtambua.