Duka la mtandaoni huanzia ghalani

MTEJA anaagiza chupa 100 za asali kwenye tovuti ya chama cha wafugaji nyuki. Tovuti inaonyesha kuwa ghala la Dar es Salaam lina chupa 120, naye analipa kwa simu. Akifika kuchukua mzigo anakuta chupa 60 tu. Nyingine 60 ziliuzwa asubuhi kwa fedha taslimu na hakuna aliyeziandika.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini aliyewahi kusimamia ghala la ushirika anaujua. Hapo kilichokosekana si kompyuta, bali ni daftari.

Kuna programu kubwa za kuendeshea maduka ya mtandaoni. Mojawapo ni Magento, iliyotoka mwaka 2008 na kununuliwa na kampuni ya Adobe ya Marekani mwaka 2018. Ina toleo la kulipia leseni na toleo huria linalopatikana bure. Neno "bure" ndilo linalowavuta wengi, na ndilo linaloweza kuwaponza.

Kilicho bure ni programu, si uendeshaji wake. Inahitaji seva yenye nguvu, hifadhidata na fundi wa kuweka masahihisho ya usalama kila yanapotolewa. Toleo la kwanza la Magento liliacha kuhudumiwa na watengenezaji Juni 30, 2020. Waliobaki nalo walibaki na duka lenye mlango usio na kitasa. Kwa hiyo bajeti iwe ya kila mwaka, si ya siku ya uzinduzi tu.

Kabla ya kuingiza bidhaa, chora ramani. Mfumo mmoja hubeba tovuti kadhaa, tovuti hubeba maduka, na duka hubeba mionekano. Mwonekano hutumika zaidi kwa lugha, kwa mfano Kiswahili na Kiingereza. Ukitaka bei tofauti kwa wateja wa Tanzania na Kenya, tenganisha katika ngazi ya tovuti. Ukikosea hapa, kurekebisha baadaye ni kazi kubwa.

Pili ni hesabu ya ghala. Tangu toleo la 2.3 la mwaka 2018, mfumo huu unaweza kufuatilia maghala zaidi ya moja. Mteja akiagiza, kiasi hicho hutengwa. Idadi ya ghalani hupunguzwa pale mzigo unapotumwa. Katika mfano wetu, baada ya oda ya chupa 100 tovuti itaonyesha kuwa zimebaki 20 za kuuza, wakati kwa kweli pana upungufu wa chupa 40. Dawa ni kila mauzo, hata ya dirishani, yaingizwe siku hiyo hiyo. Pia weka akiba ya tahadhari: ukiiweka chupa 30, wateja wangeona chupa 90 badala ya 120.

Tatu ni bei. Mfumo unaruhusu makundi ya wateja na punguzo kwa kiasi. Tuseme bei ya rejareja ni Sh12,000, na ya jumla kuanzia chupa 50 ni Sh10,000. Karani akiandika 5 badala ya 50, mnunuzi wa chupa 40 atalipa Sh400,000 badala ya Sh480,000. Sh80,000 za wanachama zimekwenda kwa sifuri moja.

Nne ni madaraka. Mtunza ghala asibadilishe bei, na mhasibu asifute oda. Kila mmoja awe na jina na nywila yake. Kwa Tanzania, kumbukeni pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwani majina na namba za simu za wateja ni dhamana.

Njia nzuri ya kujifunza ni kuwa na nakala ya majaribio. Ingiza bidhaa tano, agiza, lipa, tuma, kisha rudisha fedha. Wengi hujaribu kuuza, wachache hujaribu kurudisha fedha, na hapo ndipo ugomvi na mteja huanzia.

Mwisho, piga hesabu. Ikiwa uendeshaji utagharimu Sh6 milioni kwa mwaka na faida ya chupa moja ni Sh2,000, lazima uuze chupa 3,000 za ziada ili kufidia gharama tu. Chama chenye ghala moja na oda chache kinaweza kuanza na programu nyepesi kama WooCommerce, kikahamia kubwa biashara ikikua.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bodi inayotaka kufungua duka mtandaoni ianze kwa kuhesabu chupa zilizopo ghalani, kisha irudie hesabu hiyo kila wiki kwa miezi mitatu. Zikilingana na daftari, iite fundi.